Unyevu wa Kwenye Karatasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi tatu: kufagia chumba cha mbele ambamo mama yake alishonea nguo, kuosha vyombo vya jana, na kumpulizia maji kinyonga wa kaka yake. Nyumbani walimwita Chapuchapu, kwa sababu hakujua kufanya jambo lolote polepole. Ukimwona akifagia ungedhani anafukuza kuku. Kinyonga naye aliitwa Mzee Taratibu, na sababu yake haihitaji maelezo.

Tundu la Mzee Taratibu lilikuwa karibu na dirisha. Lilikuwa la fremu za mbao na wavu mwembamba, na ndani yake mlikuwa na mmea wa chungu wenye majani mapana. Kaka ndiye aliyelitengeneza. Alikuwa amemkuta kinyonga huyo njiani, ameumia mguu na amezungukwa na watoto wenye mawe, akambeba na kumtunza mpaka akapona. Mwanzoni wateja wa mama walikataa katakata kukaa upande wa dirisha. Baadaye wakawa wanamjulia hali yeye kwanza, ndipo waulizie magauni yao.

Kaka alipopata nafasi ya kusoma chuo katika mji wa mbali, alimkabidhi dada yake Mzee Taratibu, na siku hiyo hakuwa na mzaha. Alimweleza kwamba kinyonga hanywi maji ya bakulini, bali hulamba matone kwenye majani, na kwamba hewa kavu humdhuru macho na ngozi. Majani yapuliziwe dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Tundu lisifunikwe, maana unyevu ukikosa pa kutokea nao huleta maradhi ya kifua. Ndani kulikuwa na kipima unyevu cha mviringo, mfano wa saa ndogo, na sindano yake haikutakiwa kushuka chini ya hamsini. Kila anapoisoma aandike namba kwenye daftari, na kila Jumapili amsomee Kaka kwa simu.

"Huyu hawezi kulia akiwa na kiu," Kaka alimwambia. "Daftari hili ndilo litakalomsemea kwangu."

Mwezi wa kwanza Chapuchapu aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Kisha akachaguliwa kwenye timu ya mpira wa pete, mazoezi yakawa kila jioni, na kiangazi kikaingia na upepo wake mkavu. Jioni moja alirudi hoi, miguu imejaa vumbi, akaandika hamsini na nane bila kupuliza hata tone. Kesho yake Mzee Taratibu alikuwa palepale kwenye tawi lake, akizungusha macho kama kawaida. Basi Chapuchapu akaona kumbe jioni moja si kitu.

Uvivu ukishazoeleka huwa hauombi tena ruhusa. Jioni moja zikawa tatu, na asubuhi nazo zikafuata. Wiki ya tatu tangu jioni ile ya kwanza, alikaa Jumamosi na kujaza namba za wiki nzima kwa mkupuo, akibadilisha kalamu ya bluu na nyeusi, na akichanganya sitini na moja na hamsini na saba ili zifanane na za kweli. Dhamiri ilipomsumbua, aliweka bakuli la maji ndani ya tundu, ingawa alijua fika kwamba halimsaidii kinyonga. Jumapili akasoma namba zake kwa sauti ya kujiamini, na Kaka akamsifu kuwa sasa amekuwa mtu mzima. Sifa hizo zilimchoma kidogo, lakini mechi ilikuwa karibu.

Mama alikuwa amezongwa na oda ya sare za shule, na kwa kuwa alimwona binti yake na daftari mara kwa mara, hakuwa na wasiwasi. Ila siku moja mchana, alipokuwa akitafuta mkasi dirishani, alimkuta Mzee Taratibu amefumba macho, ngozi imemkauka na kubanduka vipandevipande. Chapuchapu aliporudi kutoka shuleni walimtia kwenye boksi lenye matundu, wakachukua na daftari, wakampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimgeuza kinyonga kwa vidole viwili, taratibu, akasema macho yameingia ndani kama ya mnyama aliyekosa maji. Kisha akafungua daftari, akakunja uso.

"Lakini hapa unyevu haujawahi kushuka chini ya hamsini na tano. Nani anaandika?"

"Mimi," Chapuchapu alijibu.

Mama akadakia kwamba mtoto huyo ana bidii, kila siku yuko na kalamu. Sentensi moja tu ilikuwa inatakiwa pale, nayo Chapuchapu aliijua. Hakuisema. Daktari akaona kama si maji basi huenda ni minyoo, akatoa dawa ya siku tatu.

Jioni ile Chapuchapu alipulizia majani mpaka sakafu ikalowa, akitaka kulimaliza jambo hilo kimyakimya. Lakini Mzee Taratibu hakulamba hata tone. Matone yalimdondokea puani yakateleza chini. Siku ya tatu, baada ya dawa ya mwisho, miguu yake iliachia tawi akaanguka.

Chapuchapu alikwenda akasimama mbele ya cherehani.

"Mama, zile namba nilizitunga."

Cherehani ikanyamaza. Mama akavaa viatu na kuchukua boksi.

Daktari alipoambiwa ukweli alivua miwani. Alimdunga kinyonga maji chini ya ngozi na kumweka mahali penye unyevu, lakini hakuwapa matumaini ya bure. Mafigo, alisema, yalikuwa yameshachoka, na dawa ile ya minyoo haifai kwa mwili uliokauka. Mzee Taratibu alikufa kesho yake saa sita mchana.

"Na mimi nina kosa langu," daktari alimwambia mama. "Ngozi niliiona kwa macho yangu, nikaiamini karatasi."

Jumapili ilipofika Chapuchapu alimsihi mama amwambie Kaka. Mama alikataa. Alisema atakaa naye bega kwa bega, lakini maneno yatatoka kinywani mwa Chapuchapu mwenyewe. Simu ikalia. Kaka akasalimia kwa furaha, akataka asomewe daftari. Chapuchapu akajikaza, akamwambia kwamba kinyonga amekufa, na kwamba namba za wiki nyingi zilikuwa za uongo.

Kaka akauliza, "Ni siku ngapi hukumpa maji?"

"Sijui, Kaka. Zile siku za kweli sikuziandika."

Kaka akakata simu. Chapuchapu alilia kwa uchungu, na mama hakumnyamazisha haraka. Alimwacha alie, kisha akamvuta karibu.

"Mwanangu, ungeniambia leo nimechoka, sijampulizia, ningeinuka mimi nikampulizia. Kazi ambayo haijafanywa ipo siku mtu ataiona aifanye. Lakini wewe uliandika kwamba imefanywa, ndiyo maana mimi sikuinuka, na daktari akatibu ugonjwa ambao haupo. Kuchoka si dhambi. Tulichokosa hapa ni ukweli wako, nao ulipokuja, tulikuwa tumechelewa."

Walikuwa bado wamekaa hivyo simu ilipolia tena. Sauti ya Kaka ilikuwa nzito.

"Bado nina hasira na wewe," alisema. "Lakini umeniambia mwenyewe, hilo nimelisikia. Sasa nieleze yote, tangu siku ya kwanza."

Chapuchapu akafuta machozi, akaanza na jioni ile aliyorudi hoi kutoka mazoezini.