Moshi Mweusi wa Pikapu ya Lotiir

Asekon hakuwa na baiskeli. Hakuwa na meza ya kusomea, wala taa isiyozimika upepo ukivuma, wala dada wa kugombana naye juu ya kitanda. Hayo yote aliyazoea. Alichoshindwa kukizoea ni kumkosa mama yake, aliyekwenda Lowarengak, kando ya ziwa, kumuuguza bibi. Huko simu haishiki mpaka upande kilima, na bibi hakuwa mtu wa kuachwa peke yake.

Kila asubuhi Asekon aliteremka kwenye mto wa Kakuma, uliokuwa mchanga mtupu, akachota maji shimoni na kuyachuja kwa leso kuukuu ya mama. Uchafu ulibaki juu, maji yakapita. Kisha alimsaidia baba yake, Lotiir, kupakia mizigo ya Lodwar kwenye pikapu. Baba alikuwa ameahidi kwamba shule zikifungwa Agosti wangepeleka unga Lowarengak, na Asekon angekaa na mama likizo nzima.

Wiki ya kufunga shule, baba alipeleka gari Lodwar likaguliwe. Alirudi jioni uso umemkunjamana.

"Limeanguka," alisema. "Mkaguzi aliingiza mpira wa mashine ya kupima moshi kwenye ekzosi, akaniambia nikanyage mafuta. Moshi mweusi tii. Lisibebe mzigo wa mtu mpaka liwe safi."

"Na Lowarengak, baba?"

"Lowarengak itangoja, mwanangu."

Asubuhi yake walikwenda kwa Atem, fundi kutoka Sudan Kusini mwenye gereji ya mabati ndani ya kambi ya wakimbizi.

"Ejok, Lotiir," Atem alisalimu. "Moshi wako umefika kabla yako. Nilidhani siku hizi unachoma makaa."

"Cheka tu. Na lile lori lako lililokaa juu ya mawe tangu Krismasi?"

"Lile linapumzika. Haya, kanyaga mafuta."

Baba akakanyaga. Atem akautazama moshi, kisha akamgeukia Asekon. "Binti, moshi nao husema. Ukiwa wa buluu, injini inakunywa oili. Ukiwa mweusi, basi dizeli imezidi au hewa imepungua. Ni kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua."

"Hewa si shida," baba alisema. "Filta ni mpya, nimeitia mwenyewe."

"Basi ni pampu ya dizeli, au nozo zinazoinyunyiza ndani ya injini."

Asekon akaitazama boneti. Mwezi uliotangulia, siku moja ya upepo mkali wa vumbi, baba akiwa amelala na homa, yeye alikumbuka baba alivyozoea kusema kwamba vumbi ndilo linaloua injini. Akaogopa gari lisije likafa kabla ya Agosti. Akafungua boneti, akakata kipande cha leso ya mama, akaizungushia filta mara kadhaa na kuifunga vizuri. Kama leso ilizuia uchafu wa maji, kwa nini isizuie uchafu wa hewa?

Sasa alijua kwa nini. Alitaka kusema, lakini alipouona uso wa baba alijiambia, akikasirika ataniacha. Akanyamaza.

Nozo zikasafishwa. Pampu ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye lori la Kitale ipimwe. Likizo ikaanza. Kila alasiri Asekon alikwenda kusimama kando ya lami, akitazama kila lori linalotoka kusini, upande wa Kitale. Wenzake walicheza mpira mtoni. Yeye alimwaza mama akianika samaki bila yeye. Neno lile lilimjia mdomoni mara nyingi, na kila mara lilikuwa gumu kuliko jana yake.

Pampu iliporudi, likizo ikiwa karibu kwisha, jibu lilikuwa fupi: ni nzima. Wakaifunga. Baba akakanyaga mafuta, na moshi ukatoka uleule.

Baba akaketi juu ya tairi. "Nitaliuza," alisema taratibu. "Walikate vipuri. Nitarudi kuchunga mbuzi wa ndugu yangu."

"Usiliuze, baba," Asekon alisema. "Ni mimi." Akaeleza yote, macho chini.

 Atem alifungua kopo la filta akatoa kitambaa kilichokauka kwa vumbi, kigumu kama ngozi ya mbuzi. Baba akawasha. Injini ikanguruma, ikakohoa wingu moja, kisha ekzosi ikawa safi.

"Mimi nami nimekosa," Atem alisema. "Fundi haambiwi filta ni nzima. Fundi hufungua akaangalia."

Siku iliyofuata Asekon na baba walikwenda Lodwar. Mkaguzi alitazama mashine yake, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Limepita, mzee."

Walipokaribia Kakuma, baba alipunguza mwendo. "Kuifunga leso hakukuwa ubaya," alisema. "Ulifikiri, na anayefikiri hukosea. Lakini ulipolijua kosa ukaliketisha moyoni. Ungesema siku ile ya kwanza, leo ungekuwa na mama yako. Sikukuadhibu mimi, Asekon. Kimya chako ndicho kilichoila likizo yako."

Asekon alilia, maana ilikuwa kweli. Jumatatu shule zingefunguliwa, na Jumatatu hiyohiyo unga ulitakiwa Lowarengak.

Jumapili alikaa mlangoni akaandika. Alimweleza mama habari za leso bila kuficha kitu. Aliuliza kama bibi sasa anaweza kukaa kitako, na kama upepo wa ziwa bado unawanyima usingizi. Mwisho aliandika: "Desemba nitakuja, mama. Usisahau sauti yangu."

Alfajiri, akiwa amevaa sare, aliilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akampa baba dirishani. Baba aliitia mfukoni mwa shati akafunga kifungo. Pikapu ikaondoka. Haikuacha hata uzi wa moshi wa kufuatwa kwa macho, na barua ikaenda.