Sauti ya Mama Kwenye Kundi la Mtaa

Kila jioni mama aliporudi kazini, alilikuta beseni la maji ya uvuguvugu mbele ya kiti chake, na chai mezani. Alikuwa anaingiza miguu ndani ya maji, anashusha pumzi, kisha anaanza habari za kazini. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia, pale panapofuliwa mashuka na mataulo ya hospitali na hoteli. Kutwa nzima ni kufua, kukausha, kupiga pasi na kukunja. Lakini mama alikuwa na kipaji cha kuigiza watu, na akianza, chumba kizima kinajaa kicheko.

Aliyekuwa akimwandalia beseni ni binti yake wa pekee, mwanafunzi wa darasa la saba, ambaye mtaa mzima ulimwita Wakili. Hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwa sababu ya mdomo. Jamani, mtoto yule alikuwa na maoni! Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza nani kairuhusu. Alikuwa na maoni juu ya simu shuleni, juu ya sheria ya kufuga mbwa, juu ya serikali na taa za barabarani zisizowaka. Kwenye mdahalo wa shule hakuna aliyemweza. "Huyu akikosa mtu wa kubishana naye, atabishana na ukuta," mama alikuwa akiwaambia majirani, tena kwa majivuno.

Wiki hiyo watu walikuwa wanabishana kuhusu mashine za alama za vidole. Ofisi na viwanda vingi vilikuwa vimezifunga milangoni. Mfanyakazi akifika asubuhi anabonyeza kidole, mashine inamtambua, siku yake inahesabiwa. Isipomtambua, hayupo, hata kama amesimama hapo hapo anajitazama. Kwenye kundi la mtaa la simu, fundi umeme mmoja aliandika kwamba mashine ni haki tupu, haina ndugu wala rafiki, na wanaoiogopa ni wavivu.

Wakili alikuwa anatumia simu ya mama kwa ajili ya masomo. Aliposoma maneno ya fundi, akawaka. Aliandika hivi, fundi akajibu vile. Aliandika tena, fundi akacheka. Mwisho fundi akamwambia, "Wewe mtoto, kelele ninazo hata mimi. Lete ushahidi."

Jioni ile Wakili aliilaza simu mezani nyuma ya birika, akabonyeza sehemu ya kurekodi sauti. Mama hakujua.

"Leo Kamanda kaingia kwetu hivi," mama alianza. Kamanda ndilo jina walilompa msimamizi wao, mama mmoja mkali asiyependa soga. Mama alisimama ndani ya beseni, kifua mbele, akapiga hatua fupi fupi maji yakamwagika sakafuni. "'Vidole! Vidole kwanza, hadithi baadaye!' Utadhani anakagua gwaride la bata."

Wakili alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha mama akakaa, akapunguza sauti.

"Lakini mwenzetu Mama Mapacha anateseka, mwanangu. Ile sabuni kali na maji ya moto vimemla vidole, vimekuwa laini kama kijiko. Mashine haimjui kabisa. Kila asubuhi inamwambia, 'Jaribu tena, jaribu tena.' Kama si Kamanda kumwingiza kwa namba yake ya siri, angekuwa ameshafukuzwa. Na namba ile meneja alikataza isiguswe ila mashine ikiharibika. Akijua, wote wawili kwisha habari yao. Haya yaishie hapa hapa, umesikia?"

"Nimesikia, mama," alisema Wakili.

Alisikia vizuri sana. Lakini kichwani mwake lilikuwa linazunguka neno moja tu: ushahidi. Mama alipoingia kuoga, akachukua simu. Alijiambia kwamba kundi la mtaa si kiwanda. Alijiambia kwamba anamtetea Mama Mapacha. Akatuma sauti yote kama ilivyo, na chini yake akaandika, "Haya, fundi, jibu na hili." Watu wakampigia makofi kwa vidole vya simu. Fundi akanyamaza. Wakili akalala na tabasamu.

Kesho yake, alipotoka shule, alimkuta mama nyumbani kabla ya saa yake. Alikuwa amekaa kitini na viatu miguuni, hajavua hata mtandio.

"Unaumwa, mama?"

"Kichwa tu. Nenda kafanye masomo yako."

Wakili alienda chumbani nyuma ya pazia, akafungua daftari. Hakuandika kitu. Alikuwa bado anajidanganya kwamba hajui kwa nini. Mara mlango ukafunguliwa kwa nguvu.

"Leo sibishi hodi, jirani," ilisema sauti ya Mama Mapacha. Alikuwa anakaa mlango wa tatu kutoka kwao, na alikuwa akiwalea mapacha wake peke yake. Wakili alipokuwa mdogo, ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni zamu zao za kazi zilipopishana. "Nimekuja kukuuliza swali moja tu. Nilikukosea nini?"

"Karibu ukae, dada."

"Sikai! Sauti yako imetoka kundi la mtaa ikamfikia meneja, kaifungulia mbele yetu. Mimi na Kamanda tumesimama pale kama wezi, wewe unacheka kwenye simu. Katurudisha nyumbani wote wawili, kesho asubuhi anatoa uamuzi. Nikifukuzwa, wanangu nitawalisha nini? Umeniuza ili upate kuchekesha watu?"

"Nisamehe, dada," mama alisema polepole. "Simu ni yangu na sauti ni yangu. Hata meneja nimemwambia hivyo. Sina la kujitetea."

Nyuma ya pazia, Wakili alihisi uso unawaka moto mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama yake alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu asubuhi, na alikuwa ameibeba aibu yote yeye. Kiwanda kizima sasa kilikuwa kinamwita msaliti, naye amekaa kimya ili mtoto asiguswe.

Kukaa pale kulikuwa rahisi, tena rahisi kweli. Lakini miguu ilimtoa, akajikuta sebuleni mbele yao.

"Ni mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata yeye hakuitambua. "Mama hakujua. Nilimrekodi, nikatuma."

Mama Mapacha alimgeukia. Wakili alisubiri kofi, na kwa kweli kofi lingemsaidia. Lakini Mama Mapacha alivuta kiti, akakaa taratibu kama mtu aliyeishiwa nguvu.

"Wewe?" alisema. "Wewe niliyekubeba?"

Alikaa kidogo, akainuka, akaenda zake.

"Kwa nini hukusema ni mimi?" Wakili aliuliza huku machozi yakimtiririka.

"Niseme nini? 'Meneja, mtoto wangu ndiye aliyenirekodi ndani ya nyumba yangu'? Sura yangu ningeiweka wapi?"

"Mama, nilitaka kumtetea. Mashine ile ni uonevu, na—"

"Acha." Mama hakupaza sauti. "Ulitaka kumshinda fundi."

Ilikuwa kweli, na Wakili alilijua hilo. Usiku huo hakuna aliyemaliza chakula chake sahanini.

Asubuhi Wakili aliomba ruhusa ya kuchelewa shule, akaongozana na mama hadi kiwandani. Ofisini walimkuta meneja nyuma ya meza yake, na Kamanda na Mama Mapacha wamesimama pembeni. Mama alimsogeza Wakili mbele kwa kumgusa bega, kisha akarudi nyuma.

Mdahaloni Wakili alikuwa anaanza na "Waheshimiwa majaji" bila kupepesa macho. Hapa alisahau yote aliyoyapanga.

"Shikamoo," alisema. "Mimi ndiye niliyetuma ile sauti. Mama hakujua kama anarekodiwa."

Meneja alivua miwani. "Ahaa. Basi niambie, binti. Yaliyosemwa mle ni kweli, au mama yako alikuwa anachekesha tu?"

Wakili aliwatazama wale kina mama wawili. Neno moja la uongo lingeweza kuwaokoa wote. Alilifikiria, tena sana. Lakini uongo huo ungekufa siku hiyo hiyo mashine ikimkataa tena Mama Mapacha, na safari hii wangeonekana wote ni waongo.

"Ni kweli," alisema. "Ila haikuwa siri yangu, na sikuwa na haki ya kuitoa. Nakuomba, kabla hujaamua, utazame vidole vyake."

"Mashine haikosei," alisema meneja. "Mimi niliikuta sehemu hii ina wafanyakazi hewa, watu wanalipwa hata hawapo duniani. Mashine ndiyo iliyowaondoa. Leo msimamizi wangu mwenyewe anaingiza watu kwa mlango wa nyuma, nifanyeje?"

"Meneja," Kamanda alisema, "mashine ilipofungwa mlangoni nilikuja hapa kukuambia. Ukanijibu hivyo hivyo, mashine haikosei. Nikaona nikinyamaza, mtu wa kweli atageuzwa hewa. Kosa la kukuficha ni langu, nalikubali."

Meneja aliinuka. Walimfuata hadi mlangoni penye mashine. Mama Mapacha alibonyeza kidole gumba. "Jaribu tena," ilisema mashine kwa sauti yake tamu. Alipangusa kidole kwenye kanga, akabonyeza. "Jaribu tena." Akaweka cha pili, akaweka cha mkono mwingine. Wafanyakazi waliokuwa wanaingia wakasimama kutazama, na Mama Mapacha akainamisha kichwa kama mtoto aliyeshindwa hesabu ubaoni.

Wakili alitaka kuangalia pembeni. Aliona haya kuliko siku zote, kwa sababu yeye ndiye aliyemfikisha mama wa watu hapo. Akajilazimisha kutazama.

Meneja aliushika mkono wa Mama Mapacha, akaugeuza kwenye mwanga. Akapapasa ncha za vidole kwa kidole chake.

"Hakuna kitu hapa," alisema taratibu. "Umefanya kazi hapa muda gani?"

"Tangu wanangu hawajaanza kutembea, bwana. Sasa wanasoma sekondari."

Meneja aliuachia mkono wake. Kisha akasema, wote wasikie, kwamba Mama Mapacha arudi kazini sasa hivi. Kila ambaye vidole vyake vimekataliwa atatengenezewa kadi yenye picha yake, na glovu nzito zitaletwa kwa wanaogusa sabuni. Akamgeukia Kamanda. "Wewe nakupa onyo, kwa kunificha. Ulipaswa kurudi kuniambia, hata kama nilikufukuza mlangoni. Na mimi nilipaswa kushuka kuja kuona, badala ya kuiamini mashine kuliko mtu."

Mama Mapacha alifunika uso kwa kanga, akalia. Mama alitaka kumsogelea, akasita. Mama Mapacha akaondoka kuelekea kazini bila kumtazama.

Wakili alidhani yamekwisha. Akamfuata Kamanda ukumbini. "Mama, naomba unisamehe."

"Unaniomba msamaha kwa lipi?"

"Kwa kukuingiza matatani. Na... na kwa lile la bata."

"Kumbe unakumbuka." Kamanda hakutabasamu. "Meneja alipofungua ile sauti, alicheka. Mbele yangu. Natembea hivi kwa sababu mgongo umeharibika kwa kunyanyua mashuka mabichi. Mama yako kuniigiza nyumbani kwake si neno, hata mimi namwigiza meneja nikiwa kwangu. Lakini yale yalikuwa ya nyumbani kwenu, wewe ukayatoa barazani."

Wakili alitazama chini. Machozi yalidondoka kwenye viatu vyake vya shule.

"Sikiliza, mwanangu," Kamanda alisema, sauti ikalegea kidogo. "Maoni yako kuhusu mashine ni sahihi. Endelea kuwa nayo. Lakini ukitaka kumtetea mtu, mwulize kwanza kama anataka kutetewa, na kwa maneno gani. Mashine haimwulizi mtu, inaamua tu. Na wewe ulimwuliza nani? Simu ni kitu kizuri, ila kabla hujatuma, jiulize nani atakayelipa. Mara nyingi si wewe."

"Nimeelewa, mama."

"Hujamaliza. Mimi nimekusamehe. Lakini mle ndani wanamwita mama yako msaliti, na mimi siwezi kulifuta jina hilo. Aliyelibandika ndiye atakayelibandua. Nenda."

Akamfungulia mlango wa chumba cha kukunjia. Kulikuwa na joto na harufu ya pasi, na kina mama wamesimama wawili wawili kwenye meza ndefu, kila wawili na shuka lao. Mwisho kabisa mama yake alikuwa amesimama peke yake, anahangaika na shuka kubwa, kwa kuwa hakuna aliyekubali kushika upande wa pili.

Kuona hivyo, Wakili alisahau haya. "Shikamooni," alisema kwa sauti iliyotetemeka. Mikono ikasimama. "Sauti ile niliituma mimi. Mama alinikataza kuyatoa, mimi nikayatoa ili nionekane nina akili. Mama yangu hakumsaliti mtu. Mimi ndiye."

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alitikisa kichwa, mwingine aliguna, kazi zikaendelea. Wakili alibaki amesimama katikati ya chumba, hajui aende wapi.

Kisha Mama Mapacha akaiacha meza yake. Alipita karibu na Wakili bila neno, akafika mwisho wa chumba, akaokota pembe mbili za shuka zilizokuwa zinaburura sakafuni.

"Vuta, jirani," alimwambia mama. "Linakunjamana."