Kiganja Kwenye Boneti

Kila Jumamosi Chiriku alifagia uwanja, akaoga, kisha akajipaka mafuta kuanzia usoni hadi vidole vya miguu. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya mdomo wake, maana mtoto yule akianza kuongea hakuna wa kumzima. Jumamosi hii alitoka nje akiwa bado anasugua mafuta mikononi. Teksi ya baba yake ilikuwa imesimama uwanjani, vioo na magurudumu yamefunikwa magazeti, ikisubiri rangi mpya.

Baba alikuwa ameipiga msasa juma zima. Asubuhi hiyo alikuwa ameifuta yote kwa tina, ile dawa kali ya kuondoa mafuta, na sasa alikuwa ndani akitafuta kitambaa cha kujifunga puani.

"Mtu asiguse gari!" alipaza sauti kutoka huko huko.

Chiriku hakuwa na nia ya kugusa. Ila jani kavu lilidondoka katikati ya boneti. Naye, kwa kujiona msaidizi hodari, akalipangusa kwa kiganja, mara moja tu, akaenda kukaa kwenye ngazi.

Kompresa ya kupulizia rangi ilikuwa ya jirani, fundi wa matairi ambaye mtaa mzima ulimwita Pancha. Mashine hiyo ya kujazia upepo ndiyo iliyomlisha. Yeye na baba walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, tena ndiye aliyemfundisha Chiriku kuendesha baiskeli.

Kazi ikaanza, Pancha akisimamia mashine yake. Milango ikakubali rangi, paa likakubali, baba akawa anapiga mluzi. Alipofika kwenye boneti, mluzi ukakatika.

Rangi ilikuwa inajitenga. Vishimo vidogo vya mviringo vilifunguka mbele ya macho yao, mpaka rangi ya zamani ikachungulia. Baba akapulizia tena, nzito zaidi. Vikafunguka tena.

"Mafuta haya!" baba alifoka. "Pancha, mashine yako inatema mafuta!"

"Haitemi. Nimeisafisha mwenyewe asubuhi." Pancha akaelekeza mpira wa kutolea upepo kwenye gazeti safi, akafungulia upepo. Gazeti likabaki kavu. "Umeona?"

Wapi! Hasira zilikuwa zimempanda baba kichwani. "Usinifanye mtoto mdogo! Umeniazima mzoga. Nitauambia mtaa mzima, asije mtu akajaza upepo kwako tena!"

"Mimi? Maneno hayo unaniambia mimi?" Pancha aliuliza kwa sauti ndogo.

Chiriku aliikazia macho boneti. Vishimo vile havikutawanyika ovyo. Vilitoka katikati ya boneti kwenda ukingoni kwa mistari minne. Alikitazama kiganja chake, kiling'aa kwa mafuta. Haraka akakificha nyuma ya gauni.

Moyo ulimwambia aseme, lakini ulimi ulikuwa mzito. Baba alikuwa amekataza. Baba alikuwa amekasirika. Akisema, hasira zote zile zitamgeukia yeye.

Pancha alikunja mpira wake. Alipopita kwenye ngazi akajilazimisha kutabasamu. "Chiriku, leo kimya? Hata kwaheri huniagi?"

Hapo machozi yakamtoka. "Baba, ni mimi! Nilipangusa jani na mikono ina mafuta. Mjomba Pancha hana kosa!"

Alikimbilia kwenye gari, akanyoosha kiganja juu ya boneti bila kuigusa. Vidole vinne, mistari minne.

Baba aliduwaa. "Na ukaniacha nimtukane mwenzangu?"

"Niliogopa, baba. Nisamehe."

Baba hakumpiga wala hakumfokea. Aliweka chini bomba la rangi, akamgeukia Pancha. "Ndugu yangu, nimekukosea."

"Umenikosea sana," Pancha alijibu. Kisha yule fundi akautua mpira wake chini. "Boneti isiguswe mpaka ikauke. Kesho tutaipiga msasa, tuioshe kwa sabuni, tuifute kwa tina, tuanze upya. Mashine naiacha hapa."

Kesho yake kabla ya kazi, Pancha alisimama mbele ya gari kama mkaguzi. "Mikono!"

Chiriku akaonyesha viganja vyake, vikavu, vinanukia sabuni.

"Na wewe, baba mtu?" Pancha akainusa mikono ya rafiki yake. "Lo! Mayai ya kukaanga! Nenda kanawe, kisha uje useme mashine yangu mbovu."

Walicheka wote, baba kwa aibu kidogo. Walipiga msasa taratibu, na safari hii rangi ikatulia kwenye boneti bila kishimo hata kimoja.

Baba akamwita binti yake. "Umeona? Boneti tumeitengeneza. Lakini Pancha angeondoka jana na lawama zile, msasa gani ungezifuta? Ukikosea, mwanangu, sema mapema, hata kama unatetemeka."

"Na mwenye hasira je?" Pancha aliuliza.

"Aulize kwanza kabla ya kulaumu," baba alijibu akiinamisha kichwa. "Hilo ni somo langu mimi."

Chiriku akavuta pumzi ndefu, akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka rangi ikakauka.