Baba Alipoganda Dakika ya Sita

Kila Jumapili mchana, tukishaosha vyombo, mama alibadilisha nguo kana kwamba anapokea mgeni, akavuta stuli na kuwasha deki. Tulikuwa na diski moja tu yenye baba. Ilirekodiwa kwenye harusi ya shangazi, mwaka mmoja kabla baba hajafariki.

Jumapili hiyo deki ilinguruma muda mrefu ndipo ikaanza. Dakika ya sita, baba aligeuka kututazama, akaganda. Mdomo ulibaki wazi na nusu ya uso ikakatika vipandevipande. Kisha kioo kikawa cheusi, tukajiona wenyewe ndani yake.

Mama alirudia mara tatu. Baba akaganda palepale.

"Amenikasirikia," mama alinong'ona. "Ni ile cherehani yake niliyomgawia mdogo wake."

Niliitoa diski haraka na kuirudisha kwenye kasha lake. Alhamisi nilikuwa nimeitazama diski ile kwa siri huku nikila mkate wa siagi, ikapakaa mafuta ya vidole vyangu. Kwa kuogopa kugombezwa, niliisugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha masufuria, nikizungusha na kuzungusha mpaka ikang'aa.

Wiki hiyo nyumba ilibadilika. Nikitoka shule, nilimkuta mama mbele ya televisheni iliyozimwa. "Nisamehe, baba watoto," alikuwa akisema. "Cherehani ilikuwa imekaa bure tu." Chakula alikigusa na kukiacha. Hata mimi niliyeujua ukweli nilianza kupita sebuleni nikitazama sakafu, na mara mbili nilisikia kanyagio la cherehani likigonga kwenye kona ambayo haikuwa na kitu. Niliogopa sana. Kila usiku nilijiambia nitasema kesho.

Jumamosi tuliipeleka deki kwa fundi, mzee mnene aliyezoea kuvisemesha vyombo vyake.

"Diski nyingine inasoma?" aliuliza.

"Kwa shida," mama alijibu.

Fundi alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, akaifuta lenzi polepole kwa pamba yenye spiriti. "Hili ndilo jicho lake. Haya, bibie, tuone," aliiambia deki. Akaweka diski yake mwenyewe. Ilicheza vizuri mwanzo hadi mwisho. Akaweka yetu. Dakika ya sita, baba aligeuka, akaganda.

Mama alishika ukingo wa meza. "Basi ni yeye. Hataki nimwone tena. Nipe, fundi, nikaichome moto nimwache apumzike."

Fundi aliitoa diski. Mama akanyoosha mkono.

"Siyo baba, mama!" nilipiga kelele. "Ni mimi! Niliisugua mimi!"

Nililia huku nikieleza yote. Fundi aliinamisha diski chini ya taa. "Naam, mikwaruzo ya mviringo, inafuata njia ileile ya kusomea. Diski hufutwa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Bahati yenu haijaingia ndani sana."

Aliing'arisha taratibu kwa dawa yake, akairudisha kwenye deki. Baba aligeuka, akatetemeka kidogo, kisha akacheka na kuendelea kucheza na wenzake. Fundi akatutolea nakala hapohapo. Mama alifuta machozi, akamlipa fundi, tukatoka nje.

"Kukwaruza diski ni ajali, mwanangu. Hata mimi ningeweza," alisema. "Lakini siku sita ulinisikia nikimwomba marehemu radhi kwa kosa ambalo si langu, ukanyamaza. Hiyo siyo ajali. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajaanza kulibeba kosa lako."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe," alisema, akanipa deki niibebe mimi.