Kiatu cha Dohani

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mikaratusi ya bustani ya manispaa, ng'ambo ya barabara, nilipotoa godoro la mwisho. Kesho yake manispaa ingezoa makorokoro, na mtaa wetu wote hapa Paddington ulikuwa umetoa yake: viti vya miguu mitatu, taa zisizowaka, jiko la mtu aliyefariki. Kwetu, kitu kikishawekwa kando ya barabara si chako tena. Anayekitaka anachukua. Ukimkuta unamwambia chukua tu, hata kama roho inakuuma.

Juu ya godoro niliweka kiatu.

Fundi Dragan alikitoa mchana ule ndani ya dohani, bomba la moshi lililo juu ya meko katika chumba cha binti yangu, Wren. Kiatu kimoja, cha kushoto. Cha mtoto. Ngozi yake nyeusi ilikuwa imekauka kama dagaa, na alama za vidole vitano bado zilionekana ndani yake.

"Kirudishe, dada," Dragan alisema. Hakutaka kukishika mara ya pili. "Hizi nyumba za zamani zinakuwa navyo. Sisi mafundi hatuvitoi."

"Kina ukungu. Wren ana miaka minne, kila kitu anatia mdomoni."

Mume wangu Callum akacheka. "Usihofu, fundi. Mtaa huu hata mzimu unahitaji kibali cha manispaa."

Basi nikakitoa.

Popo walikuwa wanaondoka bustanini, maelfu kwa maelfu, hakuna sauti ila ya mabawa. Nilikuwa napangusa mikono niliposikia harufu...

Matope. Yale ya chini kabisa ya bwawa, yasiyoona jua.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya lundo. Sikumsikia akija. Gauni lake refu la kijivu lilikuwa limelowa hadi magotini. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku kumi na moja. Najua, kwa sababu huwa naandika.

Hakuitazama taa. Hakukitazama kiti kizuri cha jirani. Alikiokota kiatu akakinusa taratibu, kama mama anavyonusa utosi wa mwanawe.

"Mmekitoa wenyewe?" alinong'ona.

"Ndiyo. Chukua tu."

"Na cha pili?"

"Hatujakiona." Halafu, kwa ile adabu ya mtaani, nikaongeza, "Lakini gonga wakati wowote. Kikipatikana utapewa."

Akatabasamu. Meno yake yalikuwa madogo mno. Meno ya utotoni.

"Nitagonga."

Alivuka kuelekea bustanini. Gari likapita katikati yetu. Lilipokwisha kupita, hakuwapo.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Alikuwa Bi Merle, jirani yangu wa miaka themanini na moja, akimwagilia waridi upande wa pili wa ukuta.

Nikamweleza. Mpira wa maji ukamponyoka.

"Wewe mwanamke! Digrii mbili, akili hata moja huna!" Aliinama juu ya ukuta kunielekea. "Huyo anashuka na dohani kutafuta mtoto. Anakuta kiatu chenye umbo la mguu, anadhani keshampata, anatulia. Miaka yote hiyo ametulia! Leo umemkabidhi kiatu chenyewe, na juu yake umemwambia agonge?"

"Ni nani, Bi Merle?"

"Mama yangu alimwita Yule. Sikuuliza zaidi. Kimbia! Chukua kiatu ambacho mtoto amekivaa mpaka kikachakaa. Cha kushoto. Kiweke palepale dohanini, kabla taa za barabarani hazijawaka."

Nilikimbia. Ngazi kumi na saba. Viatu vilivyombana Wren huwa navigawa mara moja. Vilivyochakaa nyumbani vilikuwa vile vya wazi tu alivyoshinda navyo kila siku. Namba nane. Cha kushoto nilikikuta mlangoni mwa chumba chake.

Wren alikuwa amekaa sakafuni mbele ya meko, miguu mitupu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ndani ya meko.

Ko... ko... ko...

Si mlangoni.

Ndani ya dohani.

"Mama," Wren alisema kwa sauti ya chini, "kuna mtu anagonga huko juu. Anasema umemruhusu."

Masizi yakadondoka juu ya vidole vyake. Harufu ya matope ikajaa chumbani. Nilimvuta kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikakisukuma kiatu juu gizani mpaka nikagusa ukingo wa tofali. Nikakiweka.

Upande wa pili kitu kikakipapasa. Kisigino. Mkanda. Kisha sehemu ya vidole, kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayehesabu.

Halafu kimya.

Nje, taa za barabarani zikawaka.

"Mama," Wren akasema kifuani pangu, "mguu wangu umepoa."

Sasa umepita mwaka. Callum anasema yalikuwa masizi na woga wangu tu. Bi Merle hataki kulizungumza, akiniona kibarazani ananiambia tu, "Usikiguse." Nami sikigusi. Dragan alilifunga lile meko kwa matofali bila kuuliza swali, na Wren analala usingizi mzuri, anacheka, anakimbia. Ila akikimbia anavuta mguu kidogo.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka dukani. Muuzaji alipiga magoti, akampima miguu. Akapima tena. Akanitazama.

"Huyu mtoto aliwahi kuumia, mama? Wa kulia umefika namba kumi. Wa kushoto uko namba nane."

"Hajawahi."

Wren alikuwa anachezesha vidole vyake mbele ya kioo. Namba nane, ile ile ya kiatu kilichomo dohanini. Niliyafikiria yale matofali. Nyundo tunayo nyumbani. Ni kazi ya dakika kumi kukitoa.

"Nipe pea mbili," nikasema. "Ya namba kumi na ya namba nane."

"Lakini mtoto anakua, mama. Huo wa kushoto nao utaongezeka. Ya nane haitamtosha mwakani."

"Wewe nipe tu," nikamwambia.