Gongo la Fausto

Mnanichosha. Umeme ukikatika tu, mnanizunguka: "Bibi, tusimulie la Radhamés." Halafu mnaogopa kwenda chooni, na ndoo ya asubuhi naimwaga mimi. Haya. Nasema mara moja, na atakayelia alale na kuku.

Jumamosi, jua likizama nyuma ya miwa, Doña Nereida alimtuma mwanawe Radhamés apeleke kahawa na sukari kwenye msiba wa jirani, Doña Minga. Mtoto wa pekee wa Minga, Fausto, alikuwa amegongwa na lori la miwa. Ilikuwa siku ya saba.

Mnajua wenyewe, maiti wetu anasomewa siku tisa. Meza yake inawekewa kitambaa cheupe, mshumaa, na kitu alichokipenda. Mpaka siku ya tisa hakiguswi. Mwenyewe bado anakuja kukishika.

Kitu cha Fausto kilikuwa gongo lake la besiboli, la kupigia mpira.

Fausto na Radhamés walichezea timu moja, ile ya mjini inayolipa. Fausto alikuwa anapiga mpira unalia. Radhamés? Wiki tatu alikuwa anapunga hewa kama anafukuza nzi. Na Jumapili mzungu msaka vipaji alikuwa anakuja kutoka kaskazini. Alikuwa anamjia Fausto. Fausto hayupo, lakini tiketi ya ndege ipo.

Minga alikuwa jikoni na birika. Chumbani hakuna mtu. Radhamés akachukua gongo la marehemu, akalaza lake, alilokuja nalo, pale pale.

Mshumaa ukainama kumwelekea.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Umeshamuaga mwenzako?" Minga aliuliza kutoka jikoni.

"Nimemuaga, mama."

"Amekujibu?"

"Hapana, mama."

"Atakujibu. Fausto hakuwahi kulala na neno tumboni."

Jumapili uwanja ukajaa. Nereida alikaa safu ya mbele, nyuma ya kituo cha tatu, kiti chake cha miaka yote. Zamu ya mwisho, timu iko nyuma kwa moja, mwenzake mmoja yuko kituoni anasubiri kukimbia, Radhamés akatoka na gongo.

"Radhamés, mwachie mama yako apige!" walevi wakapiga kelele. "Yule angalau anajua kupiga, si alikulea!"

Gongo lilikuwa baridi. Na lilinuka... nta, na maua yaliyolala kwenye maji.

Mpira wa kwanza akakosa. Wa pili akakosa. Akikosa wa tatu, basi, arudi kukata miwa.

Wa tatu akaugusa. Ukatoka nje ya mstari, ukapasua ndoo ya muuza bia karibu na Nereida. Wa nje hauhesabiwi, unarushiwa mwingine. Watu wakacheka.

Wa nne ukatua safu ile ile.

Wa tano, ile ile.

Wa sita ukang'oa kiti cha jirani yake. Hapo hakuna aliyecheka. Mrushaji alijaribu chini, akajaribu juu, akajaribu pembeni. Mpira unaguswa, unakata kona, unakwenda kule kule. Kila mmoja unasogea kidogo. Wazee waliofuatilia mchezo huu miaka hamsini wakavua kofia.

"Nereida, toka hapo!"

"Sitoki! Nani anahama kiti mpigaji bado amesimama? Mnataka kumroga mwanangu?"

Ndipo sauti ikamjia Radhamés sikioni, taratibu, kama mtu anayemsaidia kufunga kifungo cha shati.

"Uache upite, kaka."

Akakaza mikono kwenye gongo.

"Mmoja tu. Uache upite, na mimi nitaacha."

Akamtazama msaka vipaji. Alikuwa anaandika, haraka haraka. Akamtazama mama yake. Radhamés alijua mpira utakwenda wapi. Msije mkaniambia hakujua.

Akapiga.

Ukamkuta Nereida begani. Ulisikika mpaka kwenye choo cha nyuma. Mama akayumba, akashika chuma, akainua mkono mzima.

"Niko sawa! Piga, mwanangu!"

Mwamuzi akamsogelea. "Kijana, yule si mama yako? Tusimame kidogo?"

"Mwambie arushe," alisema Radhamés.

Sauti ile ikacheka sikioni. Fausto alivyokuwa anacheka, kwa pua.

Mpira ukaja. Akapiga.

Ko.

Kama nazi kwenye sakafu.

Uliofuata ukaruka ukuta. Hata kwa macho hakuufuata, aliujua mikononi. Akakimbia. Kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Pale cha tatu walikuwa wanamnyanyua mama yake, hatua nne tu, kiatu kimemtoka. Lakini asiyefika nyumbani, pale alipopigia, bao lake halihesabiwi. Akakimbia mpaka nyumbani. Akaruka na wenzake.

Kesho yake, siku ya tisa, Minga alikuja hospitali na gongo kwapani.

"Shika lako. La Fausto nimelikuta mezani asubuhi, lina damu."

Radhamés alikuwa amelifungia kabatini uwanjani, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

"Mama Minga, umefanya nini?"

"Mimi? Niliwasha mshumaa tu, mwanangu. Wewe ulifanya nini?"

Nereida akafumbua macho. Madaktari walisema damu imevujia kwenye ubongo, na waseme. Akatabasamu upande wa kitanda ambao haukuwa na mtu.

"Fausto, mwanangu, mbona umekonda?"

"Mama, ni mimi. Radhamés."

Akamkazia macho muda mrefu.

"Minga, huyu kijana ni wa nani? Mwambieni atoke. Mwanangu anataka kulala."

Kaskazini alikwenda, na alicheza. Nyumba ya mama aliijenga, ya ghorofa. Nereida aliishi humo miaka kumi na mmoja, na kila mchana alipakua wali na maharage sahani mbili. Ya pili nimeiosha mimi mara nyingi, nilipokuwa namsaidia kazi. Ilikuwa inarudi imerambwa.

Kila Desemba Radhamés alibisha hodi, na mama yake akamfungulia. "Karibu, bwana. Unamtafuta nani?"

Siku Nereida anakata roho, mkono wake ulikuwa umeshika kitu ambacho sisi hatukukiona, ameukaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Mwanawe wa kuzaa alikuwa mlangoni na kofia mkononi. Mama alikuwa amesema wageni wasubiri nje.