Nauli ya Ndege Isiyoruka

"Mimi Mejumaa, tangu nizaliwe sijadhulumiwa na mtu hata senti moja!" Bi Mejumaa alisema, akapiga meza ya afisi kwa kiganja. "Muulize yeyote Kibokoni. Isipokuwa yule muuza samaki wa juzi. Na fundi wa dari. Na marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, hesabu yake huyo sitaki hata kuianza. Lakini nyinyi watu wa ndege mmewapita wote!"

Kamaludin, karani wa kampuni ya ndege, alisimama nyuma ya meza yake, akafunga kifungo cha koti.

"Nashikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba. Pesa zangu ziko wapi?"

"Ziko njiani, mama."

"Njiani wapi? Zaja kwa miguu?"

"Zatoka Nairobi. Afisi kuu ndiyo inayorudisha nauli, sisi wa hapa twaandika tu na kungoja."

"Ndege yenu mlinambia yafika Unguja kabla mtu hajamaliza tasbihi yake. Bahasha ya Nairobi mwezi wa pili huu haijafika. Kwa nini hamuitii kwenye hiyo ndege?"

Nyuma yake, kwenye benchi la wateja, mpwa wake Swabaha alikohoa ndani ya buibui. Bi Mejumaa alikijua kikohozi hicho. Kilikuwa kicheko kilichovaa nguo za watu.

"Na wewe usinicheke. Nateseka kwa ajili yako."

"Nimepaliwa, shangazi."

"Umepaliwa na nini, na hujala kitu?"

Kamaludin aliandika neno katika daftari kubwa, akapuliza wino ukauke.

"Njooni Alhamisi ijayo, inshallah."

Mambo yenyewe yalianza masika ya mwaka ule wa 1948. Swabaha alikuwa ameolewa na Abdulghafur, mtu mwenye maneno matamu aliyekwenda Unguja kufanya biashara ya miezi miwili, akakaa miaka miwili. Barua haleti, masurufu haleti. Mara ghafla akaleta salamu: Jumapili anaondoka kwenda Ngazija, na Swabaha kama anataka talaka yake, afike mbele ya kadhi wa Unguja Jumamosi. Asipofika, angoje mpaka yeye arudi. Siku ya kurudi hakuitaja.

Meli ya Unguja ilikuwa Jumatatu. Kilichobaki ni ndege.

Bi Mejumaa, mwanamke aliyeogopa hata ngazi za ghorofani kwake, alivua bangili nne za dhahabu alizoachiwa na mamake, akaziweka rehani kwa Gharib, tajiri wa mbata. Akapewa shilingi mia na ishirini. Akakata tikiti mbili. Jumamosi alfajiri wakafika uwanjani Port Reitz, mvua yanyesha kama imetumwa. Bi Mejumaa ameshasoma Yasini mara tatu na ameshawasamehe maadui zake wote. Ndipo Kamaludin alipokuja na mwavuli.

"Mama, leo ndege hairuki. Uwanja wa Unguja umejaa maji."

"Alhamdulillahi!" Bi Mejumaa akasema. Kisha akakumbuka bangili. "Na pesa zangu?"

"Zitarudi zote, mama. Kabla ya mwezi kwisha."

Kwa bahati, mvua iliyowazuia wao ilimzuia na Abdulghafur. Jumatatu wakapanda meli, wakalala sitahani, wakatapika mpaka Unguja, wakamkuta. Talaka ikaandikwa. Swabaha akarudi Mombasa akakaa eda.

Na mwanamke wa eda hatoki nyumbani ila kwa haja. Ila kampuni ya ndege ilitaka kila mwenye tikiti aje mwenyewe kutia sahihi. "Kudai haki ni haja," Bi Mejumaa aliamua. Kwa hivyo kila Alhamisi watu wa Kibokoni waliwaona shangazi na mpwa wakishika njia kwenda afisi ya ndege, Bi Mejumaa mbele akilalamikia magoti, Swabaha nyuma akitembea kama mtu asiye na haraka ya kurudi.

Gharib naye hakulala. Mwezi wa pili alikuja barazani kwa Bi Mejumaa, akakaa, akanywa kahawa vikombe vitatu, ndipo akasema.

"Bangili zako ziko salama, Bi Mejumaa. Sina haraka nazo."

"Mungu akujazi, Bwana Gharib."

"Nasikia wale wa ndege wakuzungusha."

"Wanizungusha kama pia."

"Basi mimi sikudai. Eda ya mtoto ikisha, kama pesa hazijapatikana, bangili nitazileta mwenyewe hapa kwako. Nitaleta na posa. Deni lenyewe tena halitakuwa deni, au siyo? Tutakuwa jamaa."

Gharib alikuwa na wake wawili na meno manne, na vyote alikuwa akivitaja kwa fahari. Alipoondoka, Swabaha alitoka nyuma ya pazia.

"Shangazi, waniuza mimi kwa bangili nne?"

"Nani kakuuza? Simtaki hata mimi, na mimi ni mzee mwenzake!"

"Basi mwambie hapana."

"Nimwambie kwa mdomo upi, na vitu vya mamangu viko sandukuni kwake? Mtu nimekula pesa yake, kisha nimfukuze mlangoni? Nikiwa na mia na ishirini mkononi, hapo utanisikia. Nitasema hapana mpaka Kilindini waisikie."

"Basi tuombe Mungu watu wa ndege watulipe."

"Wewe omba. Mimi nakwenda kugomba."

Alhamisi iliyofuata aligomba kweli. Alimtaka Kamaludin apige simu Nairobi papo hapo, mbele ya macho yake.

"Simu ya Nairobi ni ghali, mama."

"Toa katika zangu!"

Kamaludin akazungusha mpini wa simu, akaweka mkono wa simu sikioni.

"Halo? Halo, Nairobi? Ndiyo, Mombasa hapa. Nauli ya watu wawili, Bi Mejumaa na Bi Swabaha... Ati? Wiki ijayo? Haya. Ahsante."

Akaweka simu chini.

"Wasema wiki ijayo."

"Mbona hukuwatukana?"

"Ni wakubwa wangu, mama."

"Ungenipa mimi. Mimi, wale si wakubwa wangu."

Swabaha akapaliwa tena. Safari hii Kamaludin mwenyewe aliinama chini ya meza kutafuta kalamu, na kalamu ilikuwa sikioni mwake. Bi Mejumaa aliona, akafikiri: kijana wa watu, kazi nyingi, akili imeshamchoka. Alimwonea huruma mpaka wakafika njia panda, ndipo magoti yakamkumbusha hasira.

Siku zikaenda, mwezi wa tatu ukaingia. Eda ya mwanamke aliyeachwa haisomwi kwenye karatasi ya ukutani. Hesabu yake anayo mwenyewe, na haiendi kwa matakwa ya wanaume. Jumatano asubuhi Swabaha alimnong'oneza shangazi yake jikoni, mlango umefungwa:

"Shangazi, imekwisha."

"Leo?"

"Leo."

"Usimwambie mtu. Gharib ametia alama Jumamosi kwenye kalenda yake, ameniletea salamu. Atakuja na wazee baada ya alasiri. Tuna siku tatu. Kesho siondoki afisi ile bila pesa yangu, hata wakinifungia ndani."

Alhamisi Bi Mejumaa alitoka na mkoba wa chakula. Maandazi sita, na mto wa kukalia.

"Wa nini mto, shangazi?"

"Benchi lao gumu. Leo nalala."

Hakulala. Kabla hajafika mezani, Kamaludin alikuwa ameshasimama, kanzu mpya ndani ya koti, kofia ya kutarizi kichwani, amejipaka manukato mpaka afisi yote imekuwa kama nyumba ya harusi. Mkononi ana bahasha.

"Bi Mejumaa, hongera! Pesa zimefika."

"Zimefika lini?"

"Leo asubuhi, mama. Hata moto hazijapoa."

Bi Mejumaa akaipokea bahasha. Akazitoa noti, akazihesabu mara mbili, akamrushia macho kila mmoja kama kwamba anataka shahidi. Noti sita za shilingi ishirini. Kamili. Akazitia kifuani, akashusha pumzi ya miezi mitatu. Karibu aseme ahsante. Lakini bahasha ilibaki mkononi, na mwanamke aliyeendesha jiko kwa miaka arubaini hana kazi ya kusoma maandishi ili ajue kitu kimekaa wapi.

"Kamaludin, mwanangu."

"Labeka, mama."

"Bahasha hii imefika leo asubuhi?"

"Leo asubuhi."

"Na imeshawekewa vikombe vya chai vingapi juu yake? Tazama. Duara hili limekauka, hili limekauka zaidi, na hili la tatu limeingia ukungu. Bahasha ya leo yapata ukungu?"

Kamaludin akatazama duara moja baada ya jingine, kama ndiyo kwanza anayaona.

"Labda... Nairobi wanakunywa chai sana, mama."

"Kamaludin!"

Karani akakaa. Kisha akakumbuka kuwa wanawake wamesimama, akasimama tena.

"Imefika mwezi wa kwanza, mama. Kabla hata ya wiki nne."

"Mwezi wa kwanza! Na ile simu ya Nairobi?"

"Laini ilikuwa imekatika tangu juma lililotangulia."

"Ukizungumza na nani?"

"Peke yangu."

Bi Mejumaa akautupa mto na mkoba benchini, akakaa bila kuangalia, akaukosa mto, akakaa juu ya maandazi.

"Miezi mitatu! Magoti yangu! Bangili za mamangu kwa yule mzee wa mbata, mtoto nusura aende uke wa tatu, na pesa imekaa dawatini chini ya kikombe! Una nini wewe? Umelogwa?"

"Mama, niwie radhi. Ningekulipa mwezi ule, mngekuja tena hapa kufanya nini? Mtu halipwi nauli mara mbili. Ningemwona wapi Bi Swabaha? Na kumtamkia posa mwanamke yuko ndani ya eda ni haramu, mimi namwogopa Mungu. Nikasema nitangoja. Siku eda itakapokwisha nitatoa pesa, nitatoa na maneno yangu, yote kwa pamoja, kwa uso mweupe. Kuhusu bangili, wallahi sikujua ziko rehani. Ningejua, ningekuletea pesa mlangoni nikiwa nakimbia."

Feni ya darini ndiyo pekee iliyoendelea na kazi.

"Wamwogopa Mungu wa eda," Bi Mejumaa akasema taratibu, "Mungu wa uwongo humwogopi."

"Namwogopa, mama. Kila Alhamisi jioni nilikuwa nikiomba toba."

"Na Alhamisi ya pili waanza upya."

"Naam."

Bi Mejumaa alimtazama. Kijana ana kazi, ana adabu, ana meno yote. Alipima meno hayo na ya Gharib, na hasira ikaanza kumtoka bila ruhusa yake.

"Una wazee?"

"Baba yuko, na ami zangu wawili. Kesho baada ya sala ya Ijumaa, ukiridhia."

"Sijaridhia. Leo nakwenda kumtupia Gharib pesa yake na kuvaa bangili zangu. Hao wazee wakija, wataniambia mimi kwa nini mtoto wao ni mwongo. Nikiridhika na majibu, tutaona." Akamgeukia Swabaha. "Na wewe? Umesikia. Wasemaje?"

Swabaha alisimama wima ndani ya buibui lake.

"Mimi nimeghadhibika, shangazi."

"Hata. Husikiki kama umeghadhibika."

"Sana. Nimetembezwa juani kama punda. Huyu bwana aje na wazee, sawa, lakini ajue nimeghadhibika."

Bi Mejumaa alikuwa ameshainuka kuokota mto wake, ndipo neno likamrudia. Akabaki ameinama vilevile.

"Kamaludin. Ulisema wangoja eda iishe."

"Naam, mama."

"Na leo umevaa kofia ya kutarizi."

"Naam."

"Kwa hivyo wajua kwamba imekwisha."

"Imekwisha jana, alhamdulillahi."

Bi Mejumaa akajinyoosha, magoti yakalia kah!

"Nani alikwambia imekwisha jana?"

Kamaludin akaivua kofia, akaivaa tena.

"Nilikisia. Nilihesabu kwa kalenda."

"Kwa kalenda ni Jumamosi. Gharib ana kalenda kubwa kuliko yako. Hilo la jana nalijua mimi, na Mungu, na mwenyewe."

Karani akaitazama feni. Swabaha akainama kufunga ukanda wa kiatu, na miguuni alivaa makubadhi yasiyo na ukanda.

"Swabaha!"

"Labeka, shangazi."

"Umemwambia wewe?"

"Mimi? Shangazi, wallahi..."

"Usiape! Sema tu."

"Nimwambie wapi? Sitoki mlangoni ila na wewe. Hapa namsalimu mbele yako, naitikiwa mbele yako. Au nimemrushia maneno kwa ndege?"

Pembeni mwa mlango alikuwa amesimama tarishi wa afisi, Thoya, mtu mzima mwenye mvi, na sinia la chai mkononi. Miezi yote hiyo Kamaludin alikuwa akimwita kwa kengele tu, na Bi Mejumaa akimwita "wewe wa chai." Maneno hayo ya Swabaha yakamkera tarishi, kwa kuwa alipenda mambo yaliyonyooka.

"Bibi," akamwambia Swabaha, "na kile kikaratasi cha jana alasiri? Si ulinishushia mwenyewe kutoka dirishani, ndani ya kikapu cha malimau? Ukanambia nimpe karani mkononi, nisimpe mtu mwingine."

Bi Mejumaa akageuka polepole, kama mlango mzito.

"Kikaratasi gani?" Swabaha akapaza sauti, na safari hii alisikika ameghadhibika hasa. "Shangazi, usimsikilize! Huyu mzee mimi simjui! Simjui kwao, simjui jina lake, sijapata kusema naye hata neno! Usinizulie mambo, Thoya!"